Visima Kumi na Kimoja vya Chilendu

Vijana wa Chilendu,

Mmeniletea barua nzuri, iliyochapwa na kugongwa mhuri wa shule, mkiniomba nieleze urithi wa mji wetu mdogo ulio kando ya mto, kwa ajili ya toleo jipya la wasifu wa mji. Mmependekeza nianze na kivuko cha kale, nifuatishe ngoma na vyakula, nimalizie na nasaha. Barua hiyo nimeisoma mara mbili, wala sitaifuata. Wasifu wa kwanza wa mji huu nilisaidia kuuandika, na kwa sababu hiyo Mtaa wa Chini hauna maji leo. Visima vya mchangani niliviorodhesha mimi, kwa penseli yangu na kwa mwandiko wangu, na kila nilichokiandika kilifukuliwa. Ninataka mjue ilivyokuwa kabla hamjashika kalamu zenu. Ninataka pia jambo moja kutoka kwenu: toleo lenu liseme kwamba visima vile vilikuwepo. Ombi hili laweza kuonekana dogo. Mkifika mwisho mtajua kwa nini nimelazimika kuliomba.

Kwa miaka ishirini na tisa nilikuwa msoma kipimo cha mto. Wengi wenu mlinipita darajani asubuhi mkienda shule, mkaniona nimeinama na daftari, mkadhani natafuta kitu kilichoanguka. Mto wetu ni wa mchanga. Mgeni akifika mwezi wa Agosti atauliza mto uko wapi, naye amesimama katikati yake. Maji hupita juu kwa wiki chache za mvua, tena kwa hasira, kisha huzama na kukaa chini ya mchanga mwaka mzima. Kituo changu kilikuwa vibao vitatu vya chuma vilivyofungwa kwenye nguzo ya daraja, vimechorwa namba kutoka chini kwenda juu, pamoja na kopo la kupimia mvua lililozungushiwa uzio. Kila siku saa tatu asubuhi, Krismasi na Pasaka zikiwemo, ilikuwa lazima mtu ashuke, asome, aandike.

Aliyeajiriwa kwanza hakuwa mimi, bali mume wangu Eliya. Alipougua kifua hakuweza tena kushuka ukingo, na mimi wakati huo sikujua namba wala herufi. Kwa hiyo nilikuwa nikichukua ufito, nausimamisha sambamba na kibao, nakata alama kwa kisu pale maji yalipofika, kisha naupeleka kitandani kwake. Yeye aliulaza kando ya futi ya fundi cherehani, akausoma, akaandika. Ofisini hawakujua kamwe. Siku moja aliniambia, "Mama Dina, leo mto umeshuka ghafla." Nikamjibu, "Mto haujashuka. Mbuzi amekula ncha ya ufito." Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na nilijuta kumchekesha.

Alifariki Jumanne, tarehe kumi na tisa Januari, mto ukiwa umejaa. Asubuhi ya maziko nilishuka, nikakata ufito kama kawaida, nikapanda nao hadi nyumbani. Nilikuwa nimekwisha kuvuka kizingiti nilipokumbuka kwamba hakuna wa kuusoma.

Mwezi wa Machi alikuja mkubwa wa kazi kutoka mjini Dodoma kuchukua daftari na kopo. Nikamwambia aviache.

"Unajua kusoma?" akauliza.

"Sijui. Nipe mpaka Juni."

"Na mpaka hiyo Juni nani atasoma?"

"Fito zipo. Nazifunga kwa wiki. Nikishajua, nitazisoma zote."

Alinitazama, akaviacha. Sijidanganyi kwamba aliniamini. Hakukuwa na mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Nikaingia ngumbaru nikiwa na miaka thelathini na mmoja, nikakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakikaribia kidevu, kati ya wazee wawili waliokuwa wakisinzia kwa zamu. Tarehe thelathini Juni nilimkabidhi daftari, kila siku ikiwa na namba yake, pamoja na mzigo wa fito endapo angetaka kuhakiki. Alihakiki sita, kisha akazirudisha zilizobaki. "Utazipikia," akasema. Sikuzipikia.

Sasa sikilizeni mambo ya kazi, maana hayamo katika vitabu vyenu. Tumia penseli, kwa sababu wino ukilowa hukimbia na siku yako hukimbia nao. Soma ukiwa umeinama mpaka jicho liwe usawa wa maji. Ukisoma umesimama, utaupunguza mto kwa uvivu wa mgongo wako. Maji yakicheza, yaache yapande na kushuka mara tatu, kisha chukua katikati. Usiegemee kibao. Na msimu wa mvua, ukiona mto ni mkavu lakini mchwa wanapanda ukingo, na upepo wa kutoka juu unanuka vumbi lililolowa, toka mtoni kwanza, uandike baadaye. Mafuriko ya mto wa mchanga hayaongezeki kidogo kidogo. Hufika kama ukuta, na mbele yake husukuma miti, ndoo, na mara moja nilipata kuona mlango mzima wa nyumba ukiwa na kufuli lake.

Makosa nilifanya, na baadhi yake yaliwafurahisha watu. Mwaka wa kwanza niliandika sifuri kiangazi chote. Mkubwa wa kazi akanirudishia karatasi: "Mama, sifuri ni kipimo. Maana yake maji yapo, yamegusa mwanzo wa kibao. Kama hakuna maji, andika Kavu." Tangu siku hiyo niliandika Kavu zaidi ya siku mia mbili kila mwaka. Mji ukajua, na watu wa Chilendu wakijua kitu hawakiachi. "Mama Kavu, vipi leo?" waliniuliza sokoni. Nami nilijibu, "Kavu," kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli.

Kosa jingine lilikuwa la mvua. Asubuhi moja ya Julai, mbingu nyeupe kama sahani, nilikuta maji kwenye kopo. Nilikuwa nimefundishwa kuamini chombo kuliko macho yangu, nikaandika mvua. Ofisini wakashangaa, wakaleta mtu kwa gari kuuliza wingu hilo lilitoka wapi. Ilibidi jirani yangu mmoja, mpenzi wa kilabu cha pombe, akiri mbele ya mgeni kwamba usiku ule aliona uzio wangu akadhani ni choo. Kwa mwezi mzima watu walimwita Masika. Tangu hapo nilinusa kwanza, nikaandika baadaye, na ninawashauri nanyi mfanye hivyo kwa taarifa yoyote mtakayoletewa.

Kiangazi kilikuwa na saa nyingi tupu. Mtu akishaandika neno moja saa tatu asubuhi, afanye nini hadi jioni? Nikaanza kushuka visimani. Huko nilimkuta Bibi Mbeleje, mwanamke mkavu, mrefu, ambaye alichimba visima vya mchangani tangu ujana wake na alikuwa akiitwa na kila nyumba kiangazi kilipoanza. Siku ya kwanza alinikuta nimesimama juu ya shimo lake na daftari mkononi.

"Mbukwa, Mama Kavu," alinisalimu kwa Kigogo, bila kuinua kichwa. "Umekuja kuandika jasho langu?"

"Nimekuja kujifunza, bibi."

"Basi weka hicho kitabu. Mikono miwili haitoshi, wewe unataka kuchimba kwa mmoja."

Nikakiweka. Alinifundisha kutafuta upande wa ndani wa kona ya mto, ambako mchanga hutulia, na kutambua mahali mwamba ulipokatiza chini kama kizingiti, ukazuia maji yasiendelee na safari. Alinionyesha jinsi ya kuangalia alfajiri ni doa gani la mchanga linachelewa kukauka, na punda wa watu amekwaruza wapi kwa kwato, kwa sababu punda hakwaruzi bure. Alichoma ufito wa chuma mchangani, akauchomoa, akanusa ncha: ukinuka tope, ondoka; usiponuka kitu, chimba. Alichimba kwa mteremko, kamwe si wima, ili mchanga usimfukie, akateka kwa kata ya kibuyu bila kuyatibua maji. Kila kisima kilikuwa na jina na nyumba iliyokitunza. Kilizungushiwa matawi ya miiba ili mifugo inyweshwe kando, kwenye hori, na ndani ya miiba iliachwa kata moja kwa ajili ya mpita njia asiyejulikana. Vijana, huo ndio urithi mnaouuliza. Haukuwa na jengo wala bango.

Siku moja nikamwuliza, "Bibi, visima vyote viko vingapi?"

Aliacha kuteka. "Una watoto wangapi?"

"Watatu."

"Unaona ulivyojibu mbio. Mimi ukiniuliza nitakwambia wapo."

"Na visima je?"

"Vipo." Akateka tena. "Baba yangu alihesabiwa ng'ombe. Walikuja watu wapole, wakahesabu, wakashukuru, wakala. Mwaka uliofuata walirudi kuchukua waliozidi. Kisima hakihesabiwi, mwanangu. Hakihesabiwi, wala hakionyeshwi mtu aliyekuja na gari."

Nilimwona mshamba. Ninaandika neno hilo nikijua ni neno gani. Nilikuwa nimejifunza kusoma kwa taabu, na mtu aliyejifunza kwa taabu huona kila kisichoandikwa kuwa kama kimepotea. Kuanzia mwezi huohuo nikafungua daftari la pili, ambalo hakuna ofisi iliyoniagiza. Tarehe kumi na tano ya kila mwezi wa kiangazi nilipita kisima hadi kisima. Nikaandika jina lake, nyumba inayokitunza, dhiraa ngapi hadi kuyafikia maji, dhiraa ngapi za mchanga hadi mwamba, na mchanga ni safi au una tope. Vilikuwa kumi na kimoja. Nilifanya hivyo miaka kumi na tisa, na Bibi Mbeleje alipofariki nilikuwa bado nafanya. Alikuwa akiniona nikipita na ufito wa chuma kama wake. Hakuniuliza tena.

Jumatano, tarehe kumi na nne Septemba, lilikuja gari na watu watatu waliotumwa kuandika wasifu wa mji wetu, kwa kuwa Chilendu ilikuwa inapandishwa hadhi kuwa mji mdogo. Kiongozi wao alikuwa afisa kijana mwenye adabu, aliyeamkia kila mkubwa na kukumbuka majina. Walikaa ofisi ya mtaa. Mwenyekiti wetu aliwaeleza kivuko, akaeleza mapigano ya zamani ambayo nina hakika aliyatunga palepale, na nikaona afisa yule ameacha kuandika. Nikainuka, nikaenda nyumbani, nikarudi na daftari la pili.

Aligeuza kurasa polepole. "Mama, hii umeandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Miaka kumi na tisa?"

"Na miezi miwili."

"Huu ni utajiri," akawaambia wenzake. "Mnaona? Huu ni utajiri."

Akaomba kuzipiga picha kurasa zote kwa simu. Zilikuwa zinajikunja kwa sababu ya jasho la miaka, kwa hiyo nilizibana kwa vidole vyangu viwili ili zitulie. Nilisimama hivyo kwa muda unaokaribia saa nzima. Sijapata kuchoka kwa furaha kama siku ile.

Wasifu ukachapwa, karatasi zake zinang'aa. Kwenye mkutano wa uzinduzi jina langu lilisomwa, watu wakapiga makofi, nikapewa kitenge. Visima vyangu vilikuwa vimepangwa kwenye jedwali, kimoja hadi kumi na kimoja, pamoja na ramani na safu yenye kichwa "kina cha mchanga safi". Kando yangu alikaa Semeni, mwanamke wa Kondoa aliyeolewa hapa, ambaye kisima alichorithi kutoka kwa mama mkwe wake kilikuwa cha saba. Semeni hasomi.

"Wameandika nini pale?" akanong'ona.

"Jina lako na kisima chako."

"Nani aliwaambia?"

"Mimi."

"Haya," akasema. Makofi yalikuwa bado yanaendelea.

Mvua zikaja, zikapita. Jumatatu, tarehe nane Mei, mto ukiwa umekauka juu, nilisikia mngurumo nikadhani ni mafuriko yasiyo na msimu. Yalikuwa malori, yakiongozwa na katapila. Mchanga wa mtoni umekuwa ukichukuliwa siku zote. Vijana wetu walikuwa wakipakia kwa sepetu pembezoni, na mvua ikirudisha kilichopungua. Lakini hawa hawakutafuta. Walishuka moja kwa moja hadi kisima cha kwanza, wakaiondoa miiba kwa koleo la chuma, wakaanza. Nikawafuata na daftari langu la kazi, maana ilikuwa inakaribia saa tatu.

Msimamizi wao alikuwa mtu wa makamo aliyevaa kofia ya njano. "Shikamoo mama. Usisogee, gari linarudi nyuma."

"Marahaba. Nani aliwaonyesha hapa?"

"Ramani. Kibali tunacho, mama, kila kitu kiko sawa." Akatoa karatasi mfukoni akaikunjua. Zilikuwa kurasa zangu, zimepigwa chapa. Pembeni mwa ukurasa kilionekana kidole changu chenye pete aliyonivisha Eliya. "Aliyeandika hii ni mtaalamu wa kweli. Kwingine tunahangaika siku tatu, tunaishia kwenye tope. Hapa unachimba kilekile kilichoandikwa."

"Ni mimi."

Alivua kofia. "Basi Mungu akubariki mama. Umetupunguzia kazi sana."

Hakuwa akinidhihaki. Angenidhihaki ningejua la kumjibu.

Mtaniuliza kwa nini kuondoa mchanga kukiue kisima, na yeyote asiyejua asiwe na haya, hata maofisa hawakujua. Mchanga ndio mtungi. Maji ya mvua hujificha katikati ya punje zake, na jua haliwezi kuyafikia. Ukiuondoa mpaka mwambani, maji ya mwaka ujao hupita juu ya jiwe, yakaenda zake. Tulilalamika. Mwenyekiti alitwambia kibali kimetoka juu na mji mkuu unajengwa. Kufikia Oktoba walikuwa wamemaliza vyote kumi na kimoja, kwa mpangilio uleule wa jedwali langu. Cha saba kilichukua siku nne. Semeni alikaa ukingoni siku zote nne, amejitanda kanga, na mimi nilipita juu ya daraja bila kushuka kumsalimu.

Msimu uliofuata mto ulipita mbali chini ya vibao vyangu, kwa sababu sakafu yake ilikuwa imeshuka. Vibao vikabaki vinaning'inia hewani. Ofisi iliona hakuna cha kusoma, wakafunga kituo, na nikastaafu tarehe thelathini na moja Machi kwa barua ya aya mbili.

Binti yangu Dina amejenga Area D, mjini Dodoma. Nilimtembelea nyumba ilipokuwa inapigwa plasta, nikapapasa ukuta. Punje zilikuwa kali, zenye vidoa vyeusi vinavyometa.

"Huu mchanga wa wapi?" nikamwuliza.

"Mama, fundi ndiye aliyeleta. Mchanga ni mchanga."

"Huu ni wa kona ya tatu, chini ya daraja."

"Mama." Akanishika mkono. "Nyumba ni ya wajukuu zako. Ningejenga kwa nini, kwa uji?"

Alisema kweli, na plasta ilikuwa nzuri. Nililala nimeupa ukuta mgongo.

Watu wa Mtaa wa Chini sasa wanafuata maji kijiji cha jirani, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, wenye punda kwa punda, wasio na punda kwa kichwa. Kwa miaka miwili Semeni hakunisemesha zaidi ya salamu. Mwezi wa Juni mwaka huu alikuja, akaweka dumu lake tupu mlangoni, akakataa kuketi.

"Nasikia serikali inachimba visima virefu vya pampu," akasema. "Mtaa wetu haumo."

"Nimesikia."

"Ulijua kuandika kwamba vipo. Andika na kwamba havipo."

Niliandika barua tarehe kumi na moja Juni. Nilieleza kila kitu, tarehe kwa tarehe. Majibu yalikuja Agosti, kwa lugha ya upole: kwa mujibu wa kumbukumbu zilizopo, Mtaa wa Chini una vyanzo kumi na kimoja vya asili, hivyo haumo katika mitaa yenye uhitaji wa kwanza. Kumbukumbu walizozitaja ni wasifu wetu.

Kwa hiyo Alhamisi, tarehe tatu Oktoba, mimi na Semeni tulikwenda mjini Dodoma, katika ofisi ambayo sitaitaja, kwa sababu aliyetupokea hakutukosea heshima. Alikuwa binti wa umri wa wajukuu zangu, na kompyuta mbele yake. Alituamkia, akatuketisha, akatafuta.

"Mama, mfumo unaonyesha mna vyanzo kumi na kimoja."

"Havipo. Vilichimbwa mchanga."

"Taarifa ilitolewa na mtaalamu wa eneo."

"Mtaalamu huyo ni mimi."

Akasoma skrini, akanitazama, akasoma tena. "Sasa mama, mtoa taarifa mwenyewe ndiwe unayekanusha? Hapa nikitaka kuviondoa, mfumo unadai sababu, na sababu ni moja tu iliyomo: taarifa za awali zilikuwa na makosa. Utaandika kwa mkono na kutia sahihi kwamba ulikosea. Kwamba visima hivyo havikuwepo."

"Vilikuwepo," nikasema. "Nimevipima miaka kumi na tisa. Hakuna tarehe hata moja ya uongo."

"Nakuelewa mama. Lakini kama vilikuwepo, mfumo unahesabu vipo."

Ninawaambia ukweli, vijana: niliinuka. Nilikuwa tayari kuondoka. Daftari lile ndicho kitu pekee nilichokifanya maishani bila kuagizwa na mtu, kwa mikono iliyokuwa haijui herufi. Sikuwa tayari kuliita uongo ili kompyuta iridhike.

Semeni hakuinuka. Alimwuliza yule binti, "Mwanangu, na mimi nimo humo?"

"Jina lako nani, mama?"

Alimtajia. Binti akatafuta. "Ndiyo. Wewe ni namba saba. Maji dhiraa mbili, mchanga safi."

"Dhiraa mbili," Semeni akarudia. "Basi nitekee, ninywe."

Binti aliacha kuchapa. Alitoa chupa ya maji mkobani mwake, akaisogeza mezani mpaka mbele ya Semeni. Semeni aliitazama, akaiacha palepale.

Nikaketi. Nikaomba penseli, akaniambia lazima iwe kalamu. Nikaandika kwamba taarifa nilizotoa kuhusu visima kumi na kimoja vya Chilendu zilikuwa na makosa, na kwamba visima hivyo havikuwepo. Nikatia sahihi. Binti akasoma, akabonyeza mara kadhaa, vikafutika mbele ya macho yangu, kimoja baada ya kingine. Wasifu wa kwanza utaondolewa toleo lenu likitoka, na baada ya hapo havitakuwa vimeandikwa popote, isipokuwa katika daftari langu, ambalo kwa sahihi yangu ni la uongo, na katika toleo lenu, mkikubali.

Tulipofika nje Semeni alijifunga kanga upya. "Umeandika nini?"

"Nimeandika kwamba kisima chako hakikuwahi kuwepo."

Alitembea hatua kadhaa. "Mama mkwe alikichimba akiwa na mimba ya mume wangu," akasema. "Sepetu moja, yeye na Mbeleje." Kisha akanigeukia. "Haya. Sasa wanakuja lini kutuchimbia?"

Nilikuwa nimeliuliza hilo kabla sijainuka kitini.

"Hawakutaja tarehe," nikamwambia.